Paloheinä: Msitu Ulio Ndani ya Jiji

Nilikodi skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, katikati ya Helsinki, mji mkuu wa Ufini, kwa zaidi ya euro 20, na hapo ndipo nilipoudhika. Saa saba mchana ilikuwa imeshapita, na mwishoni mwa Januari jua la huku huzama kabla ya saa kumi na nusu. Bado kijana wa dukani alinitoza bei ya siku nzima. Viatu navyo vilibana vidole, akasema saizi nyingine hakuna. Kwa pesa hizo, Nairobi ningelisha jamaa wanne nyama choma wakashiba. Dada yangu, muuguzi huku, alinivuta mkono tukapande basi la kwenda Paloheinä.

Baridi ilikuwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Simu ilizimika kabla sijapiga picha hata moja, ingawa ilitoka nyumbani ikiwa imejaa chaji. Lakini msitu ule! Misonobari na misprusi imebeba theluji matawini, katikati yake betula za magome meupe zisizo na jani hata moja. Njia ya skii imesawazishwa kwa mashine na kuchongwa mifereji miwili iliyonyooka, ya kupitishia skii. Mwenye kutembea kwa miguu hakanyagi hapo. Ana njia yake pembeni, na kila mtu anaheshimu. Mama mmoja alikuwa akimvuta mtoto kwa kigari cha theluji, mzee mwingine yuko na mbwa wake. Wote wametulia kama watu wenye kwao.

Kwenye mteremko wa kwanza nilianguka, skii zikapishana, nikashindwa kuinuka. Dada alikuwa ametangulia mbali. Bibi mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akipita kwa kasi, akasimama. Hakucheka. Alichomeka fimbo zake kwenye theluji, akaniambia kwanza nijiviringishe nitoke njiani, maana wengine wanakuja. Kisha nilalie ubavu, nizipange skii sambamba, zikingame mteremko, nipige goti, ndipo nisimame. Nilifanya hivyo, nikasimama!

Nilidhani ataenda zake. Hakwenda. "Kunja magoti, egemea mbele," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Usitazame miguu. Tazama mti ule." Tukaenda hivyo kutoka nguzo ya taa hadi nyingine, yeye pembeni yangu, akinisubiri kila nilipoyumba. Aliniambia utotoni alikwenda shule kwa skii. Chini ya theluji hii, akaonyesha kwa fimbo, kuna vichaka vya matunda ya porini, na kiangazi mtu yeyote huja akachuma bila kuomba ruhusa wala kulipa. Ndiyo sheria ya nchi nzima, si ya msitu huu pekee.

Nikamuuliza nani anailipia njia hii na taa zake. "Mji," alijibu, kana kwamba nimeuliza nani analeta mvua.

Jibu hilo lilinifikisha kimawazo Karura, msitu wa Nairobi. Msitu huu wa Helsinki, Keskuspuisto, ambao Paloheinä ni sehemu yake, una urefu wa kilomita 10 hivi, na eneo lake linakaribiana na la Karura yetu, hekta 1,041. Huku, msanifu majengo Bertel Jung alichora mpango wa msitu katikati ya mji mwaka 1911, na umebaki hadi leo. Kwetu, Januari 1999, Wangari Maathai alipigwa hadi akatoka damu kichwani kwa kutaka kupanda mti mahali ambapo wanyakuzi walikuwa wameshajigawia viwanja. Sinung'uniki ninapolipa kiingilio cha Karura. Ninajua damu iliyoununua. Linaloniuma ni mtoto wa mtaa wa Huruma, asiye na nauli wala kiingilio, ambaye msitu huo uko karibu naye na hajawahi kuuingia.

Giza liliingia, taa zikawaka, bibi akaaga akashika njia ya Haltiala. Vidole vyangu vilivimba hadi kesho yake. Dada ameshapata skii na viatu vya mitumba, saizi yangu kamili, kwa bei isiyofika ya kukodi mara moja. Zimesimama kwenye baraza yake zikinisubiri Februari.