Tangu Ijumaa bila sauti

Saa tano usiku huu laptopu imetoa sauti kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na sitaki kulala kabla sijaandika.

Mwezi uliopita nilimrekodi bibi kwa simu, dakika 40 akisimulia jinsi ukoo wetu ulivyohama. Nataka kuandika kila neno lake. Nikaihamishia rekodi kwenye laptopu niliyotoka kuiwekea Debian 11, mfumo endeshi wa Linux, kwa flashi ya zamani, maana kupakua toleo la 12 kungemaliza bando. Wi-Fi ilikataa, nikaunganisha simu kwa waya ili nipate intaneti. Nilipofungua rekodi, mstari ulitembea vizuri, lakini spika zilikuwa kimya.

Kwenye mipangilio, mahali pa jina la spika, paliandikwa "Dummy Output". Mfumo haukuona kadi yoyote ya sauti, ukajiwekea ya bandia. Mimi sikulielewa hilo. Jumamosi nzima nilipandisha sauti, nikafuta PulseAudio, programu inayosimamia sauti, na kuiweka upya, nikawasha na kuzima. Nilianza kuamini spika zimekufa, nikawa nahesabu fedha za fundi.

Leo ndipo nilipoandika aplay -l, amri ya kuorodhesha kadi za sauti, ikanijibu kwamba hakuna kadi. Nikaiuliza kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa sudo dmesg inayoonyesha ujumbe wake, nikasoma mstari kwa mstari. Sababu ilikuwepo: faili la sof (Sound Open Firmware, programu dhibiti ya sauti) halipatikani, kosa namba -2. Kerneli ilikuwa inasema hivyo kila nilipowasha, tangu siku ya kwanza.

Laptopu nyingi za Intel zenye maikrofoni ndogo karibu na kamera hupitisha sauti kwenye kichakataji kidogo cha pembeni. Hicho hakina kumbukumbu ya kudumu. Kila kompyuta inapowaka lazima kipakiwe programu dhibiti yake. Draiva, programu ya kukiendesha, ilikuwepo, ikalitafuta faili, ikalikosa, ikaishia hapo. Spika zangu hazikuwa na ubaya wowote.

Kifurushi kinaitwa firmware-sof-signed. Nilipokiomba, apt, programu ya Debian ya kuweka vifurushi, ikasema hakipo. Kipo, ila kwenye fungu la non-free, la programu zisizo huru, na fungu hilo Debian 11 haikulifungua yenyewe. Msimbo wa SOF uko wazi kwa yeyote, lakini vichakataji vingi hukubali tu faili lililotiwa saini na Intel, kwa hiyo ukilijenga mwenyewe nyumbani halitapokelewa. Nauheshimu msimamo wa Debian wa kutenganisha vitu vya aina hiyo. Hata hivyo nilifurahi mwaka 2022 walipopiga kura kuruhusu programu dhibiti hizi ziwemo kwenye kisakinishi, na toleo la 12 la Juni 2023 likatoka nazo. Mtu anayewasha Linux kwa mara ya kwanza, akakuta kimya, hana namna ya kujua kwamba kinachokosekana ni faili moja dogo.

Nikaongeza mafungu ya contrib na non-free kwenye faili la vyanzo, /etc/apt/sources.list, nikaandika apt update, nikaweka kifurushi, na cha programu dhibiti ya Wi-Fi papo hapo. Nikawasha upya. Jina la spika likabadilika. Nikajaribu speaker-test -c 2 -t wav, sauti ya mwanamke ikataja kushoto, kisha kulia.

Ndipo nikafungua rekodi. Jogoo wa jirani anawika, mkeka unakwaruza, na bibi anauliza, "Inashika hiyo, mjukuu wangu?"

"Inashika, bibi."