Prosija inakumbuka siku iliyoundwa

Wiki hii nimekabidhiwa prosija (msimbo unaohifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe) ya zamani ya MySQL inayoingiza malipo. Malipo kadhaa yamekaa 32767 kamili, wakati risiti zinasema 45000, 60000. Safu ya kiasi ni SMALLINT, aina ya namba ndogo nzima, na 32767 ndio mwisho wake. MySQL ilikata kiasi, ikatoa onyo namba 1264, ikaendelea na kazi. Onyo halikusomwa na mtu. Hizo ni hela za watu!

Lakini seva yenyewe iko kwenye hali kali (strict mode, inayokataa thamani isiyofaa badala ya kuikata), ambayo ni chaguo-msingi tangu toleo la 5.7. Mbona haikukataa? Jamani, angalieni hapa: prosija hubeba sql_mode (mpangilio unaoamua ukali huo) ya siku iliyoundwa, si ya leo. Pandisha toleo la seva utakavyo, yenyewe inabaki na ulegevu wake wa zamani.

Nimeiunda upya chini ya hali kali, safu nimeifanya INT, inayobeba namba kubwa zaidi. Hendla (sehemu inayoshughulikia makosa) ya CONTINUE kwa SQLEXCEPTION nimeitoa pia, maana ilimeza makosa kimya kimya. Sasa ni EXIT, inayosimamisha kazi: ROLLBACK (kurudisha nyuma mabadiliko), kisha RESIGNAL (kulirusha kosa tena), ili programu iliyoita ijue.

Mwenye prosija za zamani atazame safu ya SQL_MODE kwenye information_schema.ROUTINES, orodha ya prosija ndani ya MySQL, zitaonekana zote kwa mkupuo.