Ninavyotafiti afya ya uzazi kwa wakimbizi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC)

Swali la "Je, unapata huduma za uzazi?" nimeliacha. Mama akiulizwa hivyo hujibu ndiyo, maana kituo cha afya anakiona kila siku. Naomba anisimulie mimba yake ya mwisho, tangu alipojijua hadi wiki ya 6 baada ya kujifungua. Kila hatua nauliza: nani aliamua, alifikaje, alingoja muda gani, zilitoka franga ngapi. Pesa naziandika moja moja: fishi (karatasi ya kumwona daktari), maabara, dawa, glavu, pikipiki. Ukitaka jumla, atakutajia bei ya kujifungua tu, na zile gharama ndogo zilizomfanya arudi nyumbani zitapotea. Nauliza pia kama aliruhusiwa kutoka siku aliyopona, kwa sababu kuna wanaozuiliwa na watoto wao hadi deni lilipwe. Jambo hilo linaniuma, na fomu nyingi hazilitaji.

Vijiti vya uzazi wa mpango vinadai uangalifu. Kijiti kimoja cha Implanon NXT hudumu miaka 3. Viwili vinaweza kuwa Jadelle, miaka 5, au Levoplant, miaka 3. Kwa hiyo naomba kuona kadi yenye jina la kijiti na tarehe ya kuwekwa. Aliyewekewa kambini Lusenda kisha akahamia mjini mara nyingi hana kadi, wala hajui nani atamtolea na kwa bei gani. Kwenye hesabu ataonekana "anatumia uzazi wa mpango", kumbe muda umekwisha.

Vibali ni vya lazima: kamati ya maadili, daktari mkuu wa zone (eneo) ya afya, na Tume ya Kitaifa ya Wakimbizi. Lakini sitegemei orodha za ofisi, maana anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi anaweza kukosekana humo. Kituoni nako utawapata waliofaulu kufika tu. Naanza na wanawake wachache wasiofanana, wa Ibanda, Kadutu na Bagira, sehemu za mji wa Bukavu, kila mmoja akialika wenzake wasiozidi 3, ili mwenye marafiki wengi asijaze utafiti na watu wa aina yake.

Ridhaa naichukua kwa mdomo, bila sahihi. Namwambia wazi kwamba majibu hayatasaidia wala kuharibu dosye (faili) yake ya ukimbizi. Mkalimani asitoke avenyu (barabara ya makazi) moja naye. Mume au mama mkwe akiingia, nahamia kwenye maswali ya chanjo na maji, niliyoyaweka tayari kwa ajili hiyo.

Ubakaji siulizi kabla ya kuhakikisha, siku hiyohiyo, kwamba pa kumpeleka papo na dawa zipo: za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Dawa zikikosekana, sehemu hiyo ya fomu naiondoa.

Katika ripoti sichanganyi uraia, kartye (mtaa), mwaka wa kuwasili na idadi ya watoto kwa mtu mmoja. Kwenye jamii ndogo, majirani watamjua hata bila jina.