Siku nilipohamia kwa Bagika

Mwaka 1994, nikiwa darasa la nne, babu alinichukua kwenda kuona Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Tulishuka daladala Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, tukapanda Bujora kwa miguu, yeye na fimbo yake, mimi na chupa ya maji iliyokwisha kabla hatujafika.

Ngoma zilikuwa hazijaanza, tukaingia kwanza Makumbusho ya Wasukuma. Mwongozaji alitueleza habari za mwanzilishi, Padri David Clement, Mkanada ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Babu alisikiliza kwa adabu, ila mawazo yake hayakuwa pale. Jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha ntemi tulilipita mbio. Kilichomnasa ni vifaa vya wacheza ngoma. Alisimama mbele ya njuga zilizoshonwa kwenye ukanda wa ngozi, umekauka kama kayabo, akatikisa mguu wake mtupu mara tatu, taratibu, kama anayesikilizia mlio.

"Hizi nzito, mjukuu wangu. Ukizivua jioni mguu unakuwa mwepesi mpaka unajikwaa."

Babu alikuwa Mgalu wa kufa na kuzikana. Kwa asiyejua, Bagalu na Bagika ni vyama vya ngoma vinavyotokana na waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika. Hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na wenye watazamaji wengi ndio washindi. Kwa hiyo kila kichwa ni kura, hata cha mtoto. Ndiyo maana pande zote mbili hutafuta dawa za kuvuta watu.

Alasiri babu aliniweka mstari wa mbele kwa Bagalu. Nilitulia, kweli, kama nusu saa hivi. Mara vigelegele vikalipuka ng'ambo, mtu akapaza sauti, "Chatu!" Sikumbuki kuamua chochote. Nilijikuta nimeshapenya katikati ya miguu ya watu, na mbele yangu kijana amevaa chatu shingoni, mkia unampigapiga kiunoni, anacheza huku anamtazama usoni kama mchumba. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Nilipogeuka, nilimwona babu kule kule nilikomwacha, ameegemea fimbo, nafasi yangu pembeni yake iko wazi.

Kwenye daladala hakusema neno. Tulipokaribia Igoma ndipo akakohoa.

"Huyo chatu mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikapanua mikono nimwonyeshe, nikampiga konda.