Robo saa kabla ya kushusha shata

Nauza spea za magari Kirinyaga Road. Wateja wangu wengi wako nje ya Nairobi: wanapiga simu, wanalipa kwa M-Pesa, napeleka mzigo steji. Ukirudishwa, nauli ya kuutuma tena inatoka kwangu.

Niliambiwa niitafakari siku yangu kwa kuiandika daftarini usiku, kabla ya kulala. Ushauri huo haufai mtu anayekaa Githurai. Ukishatoka kwenye foleni ya Thika Road, ukapika, ukawakagua watoto kazi ya shule, kinachobaki kichwani ni yule mteja aliyekufokea. Kila usiku niliandika “leo kazi ilikuwa nyingi.” Hiyo itamsaidia nani?

Sasa naandika saa kumi na moja kasorobo jioni, dukani, risiti zikiwa bado mezani. Na siandiki kwanza. Nashika simu, napitia waliopiga tangu asubuhi, kisha meseji za M-Pesa, kisha WhatsApp. Kichwa hukumbuka kilichokuudhi. Simu ina kila kitu na saa yake. Nikiona nambari moja imepiga mara nne, hapo ndipo pa kuandika: kwa nini alilazimika kurudia?

Jibu likawa karibu lile lile kila jioni. Mtu anataka taa ya mbele ya gari la Toyota Probox, namuuliza ni ya mwaka gani, anakisia. Probox ilibadilishwa sura 2014, na taa ya zamani haiingii kwenye mpya. Nambari ya chesi ndiyo huonyesha gari ni lipi, si kukisia. Nikaandika kwa herufi kubwa: CHESI KABLA YA BEI. Kesho yake mzee wa Nyeri akakasirika: “Mama, kwani unaninyima taa?” Nikamwambia, “Hapana mzee, nipigie tu picha ya nambari ya chesi.” Akatuma. Alikuwa amesema ni ya 2015, kumbe ni ile ya zamani! Taa ilikaa mara ya kwanza.

Mkubwa wangu alilalamika kwamba dakika hizo ni za kuuza. Nikamweleza jaribio lililofanywa Wipro, kampuni ya teknolojia ya India: waliokuwa mafunzoni wakaacha kazi dakika 15 za mwisho kuandika walichojifunza, waliwashinda walioendelea na kazi, kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye mtihani. Akaniacha. Sasa mizigo hurudi kwa nadra, na ninachofuatilia daftarini ni kwa nini mizigo ya Jumatatu huchelewa kufika steji.