Sabasaba hadi Mtumba, siti ya dirishani

Kutoka Dar nilipanda SGR, na hata saa nne hazikufika tukawa Dodoma. Jasho lilinitoka kwenye zile kilomita kumi na saba hivi za kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali.

Sabasaba, hapo Dodoma mjini, kondakta anaita, "Ihumwa, Mtumba! Wawili bado, twende!" Ukiingia unakuta hao wawili ni saba. Hiesi haing'oki mpaka ijae. Nikakaa dirishani, pembeni yangu mzee aliyepakata mfuko wa zabibu. Nikamwamkia, akanipa kishada.

Mpaka Nane Nane, pale kwenye stendi kuu ya mikoani, gari halikukosa watu. Wakishuka watatu, wanapanda wanne. Tukishaipita Nzuguni, viti vikaanza kubaki wazi. Nyumba zipo, tena nzuri: ukuta, geti jeusi, kiwanja kikubwa ambacho nusu yake ni majani na vumbi. Nikamuuliza kondakta mbona huku hawapandi.

"Dada, hapa kila mtu na geti lake. Nyumba kumi nazipita, napata abiria mmoja. Na huyo ni dada wa kazi."

Mtaalamu wa mipango miji angehitaji kurasa ishirini kusema hivyo. Mzee akacheka, akasema enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, waliambiwa mji huu utakuwa wa kutembea kwa miguu. Hakukosea. Serikali iliamua kuhamia hapa mwaka 1973, na mpango mkuu wa 1976, uliochorwa na kampuni ya Toronto, ulitaka vitongoji vilivyounganishwa na njia za mabasi, mtu atembee kidogo tu kufika kituoni. Tukaja kugawana viwanja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 jijini. Ya 2022 ikakuta 765,179, na wengi wetu bado tunaota kiwanja chenye uzio.

Dar, mwendokasi ulipoanza 2016 ulipita Barabara ya Morogoro, ambako watu walishajazana. Magomeni Kota sasa zimesimama gorofa za kaya 644, na mabasi yanapita jirani. Hapa Ihumwa ardhi bado ipo wazi. Yangejengwa magorofa ya wapangaji kando ya lami, maduka chini, kondakta asingepiga kelele. Lakini yaanze kabla viwanja havijaisha, maana ukuta wa mtu ukishasimama, kuuvunja ni fidia na kesi.

Mtumba shughuli yangu ilikuwa fupi, karatasi na mihuri tu. Kurudi ndiyo kazi. Jioni watumishi waliondoka na mabasi ya ofisi na magari yao, sisi wengine tukabaki barabarani tunapunga mikono. Akaja wa bajaji, akataja bei iliyonifanya nimuulize kama tunaenda Singida.

"Dada, nikikufikisha mjini nageuza mtupu. Unalipia na ile ya kurudi."

Nikatafuta wenzangu wawili wa kuchangia, tukapanda.