Siku Moja Maishani Mwangu: Insha 62 na Kalamu ya Risasi

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, si kwa bidii bali kwa jogoo wa jirani. Chai, chapati ya jana, teksi kutoka Kireka, foleni ya Barabara ya Jinja. Vipindi viwili vya asubuhi havina la kusimulia: nimefundisha, wamesinzia, kengele imelia.

Nafundisha lile somo la maarifa ya jumla ambalo Uganda nzima hakuna mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayelikwepa. Shemeji yangu husema nalipwa kwa kupiga tiki. Laiti angekaa nami saa nne leo, wenzangu wakinywa chai, mimi na rundo la insha 62. Swali: je, kuenea kwa silaha za nyuklia kunaweza kuzuiwa?

Ya kumi na mbili ni ya kijana wa kidato cha sita, familia yake ilihamia Kampala kutoka Lubumbashi. Kaiandika kwa Kiingereza, ila mimi naye huongea Kiswahili. Inaanza: "Tangu binadamu aumbwe amekuwa akipigana." Kila muhula binadamu huyo anaumbwa upya mezani kwangu. Aya ya pili: nchi zote zenye bomu zilitia saini mkataba wa 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Ya tatu: mwenye kinu cha umeme wa nyuklia tayari ana bomu. Ya nne: hakuna nchi iliyowahi kuachana na bomu lake. Nimehesabu makosa kumi na saba, na tahajia sijaigusa.

Mkono unawasha. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika "Umenakili wapi?" kwa wino mwekundu juu ya insha ya binti mmoja. Hakuwa amenakili. Muhula mzima baada ya hapo hakunipa zaidi ya nusu ukurasa. Siku hizi natumia kalamu ya risasi, na hata makosa yawe mia, naandika mambo matatu.

Yapi sasa? Kwenye mkataba nimeandika: "India, Pakistan na Israel je? Na Korea Kaskazini mwaka 2003?" Tatu za kwanza hazikutia saini kamwe, ya nne ilitangaza kujitoa, atafute mwenyewe. Kwenye aya ya nne: "Afrika Kusini?" Ilikuwa na mabomu sita, ikayavunja, ikaingia kwenye mkataba 1991, na 1993 rais De Klerk akaitangazia dunia. Akiligundua hilo, insha yake yote itapinduka. Kinu nimekiacha, ingawa kimeniuma. Urani ya vinu vingi hurutubishwa, yaani ile aina yake inayopasuka kirahisi huongezwa, hadi asilimia 3 mpaka 5, ya bomu hufika kama 90. Hiyo nitaieleza ubaoni, maana wameikosea nusu ya darasa.

Jambo la tatu lilikuwa mwishoni kabisa, mistari miwili iliyobanwa pembeni: babu yake alikulia karibu na Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, mgodi uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima. Mistari miwili! Kurasa nne za binadamu kuumbwa, halafu hii pembeni. Nimechora mshale mpaka juu ya ukurasa wa kwanza.

Posho na maharage yamepoa. Mkuu wa idara anataka alama leo. Leo ipi?

Baada ya vipindi kijana kaja, kashika karatasi kama barua ya polisi.

"Mwalimu, nimefeli?"

"Hujafeli. Kaa. Huyu babu umemficha kwa nini?"

"Nilidhani hayo ni mambo ya nyumbani, Mwalimu."

"Wachimbaji waliambiwa mawe yanapelekwa wapi?"

Kanyamaza. Kaikunja karatasi, kaikunjua. "Babu anasema hakuna aliyeambiwa."

"Anzia hapo."

Dakika arobaini kwa mtoto mmoja. Zidisha mwenyewe kwa sitini na mbili, kisha mwambie shemeji.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofika nyumbani. Umeme ulikuwa umekatika na watoto wamelala. Nimesahihisha kwa tochi ya simu mpaka chaji ikabaki asilimia 6. Zimebaki ishirini na tisa. Ya juu kabisa haina jina, ina doa la chai, na doa hilo, naapa, si langu.